Orkide Yetu na Vikombe Viwili vya Maji

Mamwenu, mama mkwe wangu mpendwa,

Kosa la watu wengi wanaotunza ua la orkide ndani ya nyumba ni hili: wanaona jani limelegea, wanakimbilia maji. Jani likizidi kulegea, wanaongeza maji. Likigeuka manjano, wanaleta ndoo. Hakuna anayeuliza mizizi. Jani ni kama mtoto anayelia mbele ya wageni: machozi yako usoni, lakini mwiba uko mguuni, na ukimpangusa uso mchana kutwa, mwiba hautoki.

Naanza na orkide kwa sababu mimi na wewe hatuna mlango mwingine wa kuanzia. Miaka yote hii niliyokuwa mume wa binti yako sijakuita kwa jina, sijala nawe meza moja, wala sijakutazama machoni, isipokuwa mara ile ambayo sote wawili tunaijua na ambayo nitaifikia polepole, kwa adabu. Sisi Wakasai, hata waliozaliwa hapa Kolwezi na ambao Kasai wanaijua kwa kuhadithiwa, tumeihifadhi desturi hiyo: mkwe na mama mkwe hupishana kwa mbali. Wazee huiita bundu. Si aibu ya kosa, ni aibu ya heshima. Kwa hiyo kukuandikia namna hii, bila mtu katikati, ni ujasiri ambao nimeukusanya kwa shida. Nimejitetea kwamba karatasi haina macho. Tena barua hii naiacha wazi, ili binti yako Ngalula aisome kabla haijasafiri kuja kwako Lubudi, na yeyote mwenye orkide dirishani asome pia, maana yaliyotupata sisi yanaweza kumpata mwingine.

Unakumbuka siku ulipoileta? Ulikuwa bado unauza mikate ya mafuta mbele ya nyumba za wageni wa mgodini, na mama mmoja aliyekuwa anarudi kwao akakuachia ua lake kwa sababu kila asubuhi ulikuwa unalisalimia. Ulikuja nalo kwa pikipiki, umelifunga kwa kitenge mgongoni. Mimi nilikuwa barazani. Nilipokuona kwenye geti nilisimama na kugeukia ukuta kama inavyotakiwa, kwa hiyo siku hiyo sikuiona, niliisikia.

"Mama, mutoto wako anaitwa nani?" dereva aliuliza. "Njia yote hajalia."

"Haiko mutoto. Iko maua."

"Eh! Mi nimeepuka bishimo byote bya barabara ya Dilala juu ya maua?"

"Shi mimi mama yako pia nilikuwa hapo juu? Ao bishimo ulikuwa unaepusha maua tu?"

Nilicheka nikiuangalia ukuta. Tangu siku hiyo, orkide ikawa mtu wa nne katika nyumba yetu ya kampuni ya zamani, yenye korido ndefu ambayo aliyeijenga hakuwafikiria wakwe. Wewe ulikuwa umefiwa na mumeo, ukakubali kuishi kwetu kwa shingo upande. Tulijipangia sheria bila kuzungumza. Mimi nakohoa kabla ya kuingia koridoni. Wewe unaburuta kandambili. Mgeni mmoja aliyelala kwetu alimvuta Ngalula pembeni akamshauri anipeleke hospitali nikapimwe mapafu.

Kwa kuwa nimefundisha biolojia hadi nywele zikawa nyeupe, nilijiona ndiye daktari wa orkide. Niliiweka dirisha la magharibi. Baada ya muda jani la upande wa kioo likapata baka la rangi ya mchanga, kavu kama karatasi, na wewe ukamtuma Ngalula kwangu mimi, mkwe wako: "Ambia tata muku, ile maua haiko samaki ya kukausha." Ulikuwa sahihi. Baka la jua halitibiki, lakini pia haliambukizi. Hakuna haja ya kukata jani, maana sehemu yake iliyobaki ya kijani inaendelea kupika chakula cha mmea. Unahamisha chungu tu. Tulikihamishia dirisha la sebule, ambako jua la asubuhi huingia kwa upole, na majani yakapata rangi inayotakiwa, kijani cha ndizi mbichi. Yakiwa kijani cha kukolea sana, karibu na cheusi, ujue mmea unaishi gizani hata kama unapendeza.

Halafu ikaja ile Krismasi. Wewe uliona kwamba mtoto haendi kanisani bila kupakwa mafuta, basi ukaipaka orkide mafuta ya mwili, jani kwa jani. Iling'aa. Wageni waliisifu kuliko kuku. Lakini malori ya mgodini hayana sikukuu, na vumbi lake jekundu lilipoingia dirishani halikupata tena pa kuteleza. Likaganda. Kufikia mwaka mpya orkide yako ilikuwa kama andazi lililoanguka barabarani.

Jani linapumua, Mama. Lina vitundu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona, vingi vikiwa upande wa chini, na mafuta huviziba. Dawa yake ni kitambaa laini na maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, halafu kitambaa kingine chenye maji matupu, huku kiganja kikilishikilia jani kwa chini lisivunjike. Hayo niliyaeleza nikiwa barazani. Wewe ulikuwa jikoni na maoni yako. Ngalula alikuwa sebuleni na kitambaa mkononi.

"Mwambie mama asiguse katikati, maji yakituama kwenye moyo wa mmea, utaoza."

"Mama, anasema usi..."

"Nimesikia. Mwambie tata muku mi nililea batoto saba, hakuna moja mwenye alioza."

"Baba Mbuyi, mama anasema..." akaniita mimi.

"Nimesikia. Mwambie..."

Hapo Ngalula akatupa kitambaa. "Eh! Mi nimekuwa telefone? Bote munasikia, bote muko na vinywa! Kuanzia leo, mambo ya hii maua musinitume tena!"

Na akashika neno lake. Hapo ndipo ugonjwa ulipoingia.

Maana sasa fikiria hali yetu. Orkide moja, walezi wawili, na mjumbe amegoma. Mimi nilikuwa naimwagilia asubuhi, kabla hujatoka chumbani, kwa kikombe changu cha bluu nilichokuwa nakificha nyuma ya pazia. Nilikificha kwa sababu gani? Kwa sababu mwanamume mzima, tena mwalimu, anayeonekana na mama mkwe wake akinywesha ua, ana maelezo ya kutoa, na mimi sikuwa na ruhusa ya kukupa maelezo. Wewe nawe, kumbe, ulikuwa unaimwagilia saa ninazolala mchana, kwa kikombe chako cha plastiki kilichokuwa kinakaa nyuma ya redio. Kukuuliza "umeshaimwagilia?" kusingewezekana, nani anamhoji mama mkwe wake kuhusu kazi za nyumba? Kumuuliza Ngalula kungekuwa balaa. Basi tukanyamaza, kila mmoja akijisifu moyoni kwamba bila yeye ua lingekufa.

Majani yakalegea. Hii ndiyo sehemu ninayotaka wenye orkide waisome mara mbili. Mzizi uliolowa muda mrefu unakosa hewa, unaoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa. Kwa hiyo mmea unakufa kiu ukiwa umekaa ndani ya maji, na jani lake linaonekana sawasawa na jani la mmea ulionyimwa maji. Dalili moja, magonjwa mawili yanayopingana. Ndiyo maana daktari mwenye haraka anaua.

Nasi tulikuwa na haraka. Siku moja nikiwa barazani nikakusikia unaliambia ua, kwa sauti ya kufika barazani: "Maskini maua yangu. Mu hii nyumba yote, hakuna mutu anaweza kukupa maji?" Nikajua mwiba ule ni wangu. Kesho yake nikaongeza kikombe. Siku nyingine mimi nikiwa napiga viatu brashi, nikaviambia viatu vyangu: "Kuna mimea mingine humu ndani ina kiu kupita kiasi." Nilikuwa najitetea. Wewe ukaona ni agizo, ukaongeza chako. Hakuna bwawa katika Lualaba yote lililopata maji kwa bidii kama chungu kile.

Sasa naifikia ile siku. Ngalula alikuwa sokoni na vitenge vyake. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuja na upepo wa alasiri, dirisha la sebule likafunguka kwa kishindo, na chungu kikaanza kuteleza. Mimi nilitoka barazani mbio. Wewe ulitoka jikoni mbio. Mimi sikukohoa. Wewe hukuburuta kandambili; nadhani hata hukuwa umezivaa. Tulikutana juu ya orkide kwa vichwa, kama kondoo dume wawili.

Kitambaa chako cha kichwani kilianguka. Chungu kikapasuka. Wewe ulikuwa umedaka majani, mimi nilikuwa nadaka hewa, na ukanitazama moja kwa moja machoni ukanipigia kelele:

"Kamata mizizi, weye! Mizizi!"

Nikaikamata. Ikabaki mkononi mwangu. Ilikuwa ya kahawia, laini kama tambi zilizosahauliwa motoni, na harufu yake hata mvua haikuifukuza. Tukaiangalia. Halafu tukaangalia chini, kwa sababu pazia lilikuwa limeng'oka na redio imeanguka, na kwenye saruji vilikuwa vimelala vikombe viwili, cha bluu na cha plastiki, kila kimoja kikimwaga maji yake.

Ulikitazama changu. Nikakitazama chako. Na ukacheka, Mama. Ulicheka mpaka ukashika ukuta, na mimi nikacheka mpaka nikakaa sakafuni katikati ya magome ya chungu na maji. Sijawahi kumweleza Ngalula sehemu hiyo. Anaisoma hapa kwa mara ya kwanza, na najua atasema kitu.

Halafu ukakumbuka mimi ni nani. Ukajifunika uso, ukarudi jikoni kinyumenyume. Kesho yake ukamwambia binti yako kwamba unakwenda Lubudi kutazama paa la nyumba ya marehemu. Mvua zile zimekwisha, baridi imekuja na kuondoka, vumbi limerudi, mawingu yameanza tena kukusanyika, na wewe bado unatazama paa.

Orkide sikuitupa. Nilifanya ulivyoniamuru: nilikamata mizizi. Niliiosha kwa maji safi, nikapitisha wembe kwenye moto, nikakata kila kilichokuwa laini. Ilibaki michache migumu, ya kuhurumiwa. Vidonda nikavipaka unga wa makaa, nikaacha mmea ukae hewani ukauke kwanza. Ndipo nikaupanda upya, si kwenye udongo, maana udongo wa bustani unaikaba orkide, bali kwenye vipande vya magome na makaa niliyoyaomba kwa Ngalula kabla hayajaingia kwenye mbabula, jiko lake la makaa. Majani yaliyolegea sikuyakata. Jani la chini kabisa liligeuka manjano taratibu likaanguka lenyewe. Hilo lilikuwa zee, na jani zee kuondoka peke yake si ugonjwa. Yangegeuka manjano mengi kwa pamoja, hapo ningepiga kelele.

Na chungu, Mama, ndilo jambo ninalojivunia. Nimechukua dumu la plastiki linaloonyesha ndani, nikalikata nusu, nikalitoboa chini kwa msumari wa moto. Sasa mizizi inaonekana. Ikiwa ya rangi ya fedha, ina kiu. Unamwaga maji yapite yote na kutoka chini. Ikiwa ya kijani, imekunywa. Unaweka kikombe chini na kuondoka. Mtu yeyote akipita anajua kama mwenzake ameshaimwagilia, bila kuuliza, bila mjumbe, bila kukohoa. Nimewaza kwamba kama aliyejenga korido yetu angekuwa na akili ya dumu hilo, tungeishi kwa amani.

Wakati wa baridi ikapata ugonjwa mwingine. Kwenye kwapa za majani niliona kitu kama vipande vya pamba nyeupe. Usidanganyike, ile si pamba, ni wadudu waliojivika pamba, wanafyonza maji ya jani na kuacha utando wa kunata. Hutolewa kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa kwenye spiriti. Duka la dawa la karibu lilikuwa limefungwa, na mimi sikuwa na subira, kwa hiyo nikanunua lutuku, ile pombe ya kienyeji ambayo ukiiwashia kiberiti inawaka. Wadudu walikufa. Lakini mzee wa kanisa alikuwa amenipita nikitoka kwa muuzaji na chupa kwapani, na jioni akawa sebuleni kwangu na Biblia.

"Tata, tulisikia bibi-mukwe aliondoka," akaanza kwa huruma. "Na sasa tunaona chupa. Huzuni haiko kitu ya kunywa."

"Si yangu," nikamwambia. "Ni ya ua."

Aligeuka kulitazama lile ua. "Ua linakunywa?"

Basi ikanibidi nimwonyeshe wadudu, nimweleze vikombe, upepo, vichwa na kelele yako. Alicheka mpaka akaweka Biblia kando. Kisha akasema jambo ambalo mimi mwenye vitabu nilikuwa nimelisahau: wazee hawakutufunga bila kutuachia ufunguo. Mkwe humpelekea mama mkwe mbuzi. Mama akimpokea, wanaweza kusalimiana, kukaa pamoja, kula sahani moja. Heshima haiondoki, inahama tu kiti. Lakini mbuzi hapelekwi kwa kushtukiza. Mama mwenyewe lazima aseme alete.

Ngalula alikuuliza kwa simu, ukajibu, "Nitawaza." Alipokuuliza tena, ukasema unawaza. Kila jioni unamwambia "Niko muzuri", na jirani yako anamwambia kwamba mvua ikinyesha unahamisha kitanda. Binti yako bado anapika ugali wa watu watatu, na sehemu ya tatu tunaikuta asubuhi.

Mimi, kwa imani, nilishanunua mbuzi. Hapo ndipo yalipotokea ya juzi. Nilimfunga nyuma, ndani ya lupango, uwanja wetu wenye uzio, kwa kamba niliyoiamini. Nikiwa barazani nikamsikia Ngalula:

"Baba Mbuyi! Kuya mbio! Mbuzi ya mama inakula maua ya mama!"

Nilimkuta mbuzi sebuleni amesimama kama mgeni aliyekaribishwa, anatafuna, macho yake yakinitazama bila bundu yoyote. Alikuwa amechukua nusu ya jani moja, lile lenye baka la jua. Ugonjwa huo haumo katika kitabu chochote nilichofundishia, lakini tiba yake haina tofauti na ya kidonda kingine: unanyoosha pale palipochanika kwa wembe uliopitishwa motoni, unapaka unga wa makaa, na hupaloweshi mpaka pakauke. Jani litaishi. Mbuzi pia anaishi, ingawa kwa shida, kwa kuwa alipotolewa sebuleni alielekea kwenye matembele ya Ngalula.

"Hii mbuzi iende ku Lubudi," binti yako alisema na kijiko cha ugali mkononi, "ao iende mu chungu. Lakini hapa, apana!"

Mama, majani yaliyolegea mwaka jana hayakunyooka. Yamebaki na mikunjo, na nimeacha kuyatazama kwa majuto, kwa sababu jani lililokunjamana halirudi lilivyokuwa hata mmea ukipona. Anayetaka kujua kama orkide imepona anatazama katikati. Na katikati pametoka jani jipya. Ni dogo bado, gumu, limesimama, na mbuzi kwa rehema za Mungu hakulifikia. Ningependa uone. Dirisha la sebule limetengenezwa. Kitanda chako kiko pale kilipokuwa, na juu yake hapavuji. Vikombe viwili nimeviweka pamoja kando ya dumu, wazi, mbele ya kila mtu. Na ule mcheko wako nimeusikia mara moja tu katika maisha yangu. Kwa umri wangu, nisingependa iwe hivyo.

Ubaki na amani, na paa hilo liachie wanaojua kupanda. Siku utakayoisoma barua hii, kabla jua halijazama, mpigie Ngalula simu umwambie maneno mawili: "Leteni mbuzi."

Mimi muku wako,
mume wa Ngalula